Pumzi Iliyonishinda

Nkambo, bibi yangu mpendwa,

Bado nakuita bibi yangu. Nilipopewa jina la babu, marehemu bwana yako, uliwatangazia majirani wote wa mtaa wa Ruashi kwamba amerudi, ila safari hii amerudi mvivu.

Nakumbuka mbabula yetu, lile jiko la makaa pale uani. Mimi nilipepea makala kwa kifuniko cha sufuria mpaka mkono ukafa ganzi. Wewe uliinama mara moja tu, ukapuliza taratibu kutoka tumboni, yakawa mekundu. "Bwana gani huyu, moto inamukimbia," ulisema.

Kisha mshipa ukapasuka kichwani mwako. Tulipoambiwa damu imeacha kuvuja ubongoni, tukaanza kushukuru. Munganga, daktari wa wodi, akatuonya: sasa hatari iko kifuani. Koo lako lilikuwa limelegea, mate na uji vikapotea njia, vikaingia mapafuni. Ukapewa chupa ya maji na mrija, upulize mapovu ili mapafu yafunguke. Ukamgeuzia muuguzi kisogo. Kuamrishwa hukukuzoea.

Nikajiletea chupa yangu. Nikapuliza mapovu mawili, nikakohoa kama lori la makala. Ukanitazama, na kwa mdomo uliopinda ukasema, "Leta."

Ukapuliza, maji yakachemka kama chungu cha sombe, kile kisamvu chetu. Mama wa kitanda cha jirani akasema, "Nkambo, utupikie na siye." Tangu hapo kila asubuhi tulishindana, na kila asubuhi ulinishinda. Watu walidhani nakuachia. Nkambo, naapa sikukuachia hata mara moja. Ni hiki kitambi changu.

Lakini mapafu yaliziba tena, homa ikapanda. "Kifua ya mutu mwingine ingekuwa imeshachoka zamani," munganga aliniambia, na hata katika hofu ile nilivimba kichwa, kama vile kifua ni changu. Asubuhi ya mwisho ulitoa povu moja. Ukaitazama chupa yangu. "Sasa weye, bwana." Nikapuliza, nawe ukafumba macho, ukisikiliza.

Leo uani pamejaa watu wa kilio. Shangazi wanataka chai, na mbabula nimeachiwa mimi. "Bwana ya nkambo, tutalala na njaa," wamesema, wakacheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nimeweka kifuniko chini. Nimeinama, nimepuliza taratibu kutoka tumboni, mpaka kizunguzungu.

Makala yamekuwa mekundu, bibi yangu. Chai inachemka. Lala sasa, nitapuliza mimi.

Bwana yako mvivu,
mjukuu wako