Amin Niliyoitikia Las Vegas

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili mpelekee Bibi, ijapokuwa najua ataitika marahaba kisha aulize kama nimekula. Nimekula. Vipi mgongo wako, na falaji, mfereji wetu hapo Ibra, ina maji au bado mnanuniana na majirani kwa zamu za kumwagilia? Mimi mzima, nimependeza, na huku nikipita na kofia yangu watu wananikodolea kama mwezi umeandama. Naandika kwa kalamu kwa sababu Bibi anasema simu ni upepo, anataka kitu cha kushika. Basi ashike. Mwandiko usiucheke. Skuli niliikimbia, lakini aliyetumwa Amerika ni mimi, si hao wenye vyeti.

Mama, mji huu upuuzi mtupu. Jangwa lao halina hata ngamia wa kulitia adabu. Katikati wamesimamisha piramidi la vioo, wallahi Firauni mwenyewe angeona haya. Jumba jengine wamepaka dari rangi ya mbingu na mawingu, chini yake mfereji, na mwanamme mzima anasukuma mashua huku anaimba kama kabanwa na mlango. Watu wanapiga picha. Nikawaambia tokeni nje, mbingu ipo, bure. Na maji wanayarusha juu yacheze ngoma! Angekuwepo wakili wetu wa falaji, yule anayegawa zamu za maji, angewachapa bakora wote.

Ndani ya kumbi za kamari hamna dirisha wala saa. Watu wanabonyeza mashine, hawacheki hawalii. Nimeona bibi kizee, umri wa Bibi wetu, kavaa kaptura, anaipapasa mashine kama anamwogesha mjukuu. Nikaona haya mimi kwa niaba yake.

Sasa lile ulilonituma. Hapa, Mama, ukimsomea Bibi, ruka mpaka nikwambie.

Kaka yako, Mjomba Hilali, hakudanganya, anafanya kazi hotelini. Ila hapiki wala hafungui milango. Anagawa karata. Nilimkuta nyuma ya meza ya kijani, kizibao cheusi, kichwa kizima mvi, vidole vinakwenda mbio kuliko fundi yeyote wa gereji za Firq, na mimi mafundi wa Firq ndio walionilea. Nikasimama kando. Zamu yake ilipokwisha akagonganisha viganja, akavifungua, akavielekeza juu. Moyo ukanijaa, Mama. Nikasema kumbe hata ndani ya shimo hili Mjomba hasahau dua. Nami nikainua mikono, nikaitikia "Amin" kwa sauti ya msikitini, nikajipangusa uso.

Meza nzima ikanigeukia. Mjomba akaganda. Aliniacha nikiwa wa kubebwa, lakini amin ile ilimwambia nimetoka wapi.

"Wewe wa Salma?"

"Wa Salma, Mjomba. Mungu aipokee dua yako."

"Si dua, mwanangu. Tunaionyesha kamera kuwa hatujaiba."

Tukenda kwake. Nikampa haluwa uliyomfungia, akaila polepole kama mgonjwa. Nikamweleza kuwa mtoto wa jicho wa Bibi kazidi, daktari wa Nizwa keshasema atolewe, na Bibi hataki kuguswa mpaka mwanawe awepo, ati uso wa kwanza kuuona uwe wa Hilali. Nikamtania kuwa mtoto wa jicho anamngoja mtoto wa tumbo. Hakucheka. Akasema ndiyo maana haji. Bibi atamuuliza alikuwa akila riziki gani, naye hajapata kumdanganya mama yake uso kwa uso. Kazi anaweza kuiacha hata kesho, alisema. Kuisimulia ndiko kunakomshinda.

Unanijua ulimi wangu. Nikamwambia, "Mjomba, kamera umeionyesha viganja miaka yote hiyo, mama'ko unashindwa kumwonyesha mara moja?"

Akainuka, akalifunika bakuli la haluwa, nami nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Kuruka kulipaswa kuishia hapa. Lakini Mjomba yuko nyuma yangu sasa, anasoma begani, anasema kuku angeparura vizuri zaidi. Kafika pale nilipokwambia uruke, kaweka kidole.

"Asiruke kitu," kasema. "Amsomee Mama yote, na la karata. Akinitaka baada ya hapo, nakuja."

Basi Mama, rudi juu umsomee. Taratibu, na mkono umshike. Akishalia, akishanitukana mimi, ambaye sijui nimekosa nini, tujibuni kwa huo huo upepo wa simu. Neno moja linatosha.

Nisalimie Baba, umwamshe kwanza hapo mbele ya televisheni. Dada Raya mwambie chumba changu asikizoee. Shangazi wa kule Samad mwambie tende zake Mjomba kazimaliza, kasaza kokwa tu. Na fundi mkubwa wangu Firq asiziazime spana zangu, kiburi changu nimemwachia cha kumtosha.

Mwanao mtukutu,
Seifu

Nilitaka kuifunga barua, nimesikia kishindo chumbani. Mjomba kateremsha sanduku kubwa kutoka juu ya kabati. Nimemuuliza, anasema analifuta vumbi tu.