Pipa Lililokuwa Tupu

Ipogolo, Iringa
22 Januari 2023

Mpendwa Baba Mkwe,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje na baridi ya huko Uyole? Sisi hapa kwa mama yangu ni wazima. Tumpe anakusalimu, ameanza darasa la tatu na anauliza kama kuku wake bado unamfungulia asubuhi.

Baba, najua kwa mila zenu Wanyakyusa mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe wala hasemi naye. Tangu Aroni anioe nimepita mlango wa nyuma, nawe ukawa unakohoa kabla ya kutokeza uani ili nipate kujificha. Kwetu sikulelewa hivyo, ila nimezoea na ninaiheshimu. Sasa nina jambo ambalo Tumpe hawezi kunisemea kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Nimeanza chuo cha ufundi. Najifunza kuchomelea vyuma. Wenzangu ni vijana waliomaliza kidato cha nne juzi tu, wananiita Mama. Nikimaliza kozi hii ya mwanzo nataka kurudi kuifungua karakana ya marehemu mume wangu. Shedrack anasema nimwachie yeye, kwa kuwa ni mdogo wake Aroni na ni mwanaume. Naomba ibaki imefungwa mpaka nirudi. Neno lako ndilo litakaloamua.

Mkweo,
Mama Tumpe


Uyole, Mbeya
6 Februari 2023

Mama Tumpe,

Marahaba. Kondakta wa basi alinifikishia barua yako. Mguu ni ule ule. Kuku wa Tumpe anataga.

Ufunguo wa karakana ninao mimi na utakaa kwangu. Shedrack nimemwambia asubiri. Amenuna. Yeye alikuwa akimshikia kaka yake vyuma tu, hajafundishwa na mtu.

Sikutaka mtu wa nyumba hii aishike tena mashine ile. Lakini kwa kuwa umekwisha kuanza, nina ombi. Asubuhi ya siku aliyofariki Aroni nilishuka barabarani nikapita karakanani. Lile pipa alilotaka kulikata atengeneze jiko, nililiinamisha mwenyewe nikachungulia ndani. Halikuwa na hata tone. Kitu kitupu kinapasukaje kikaua mtu? Msibani kila mmoja alisema lake. Wako waliotaja uchawi na jina la jirani yetu, nikawanyamazisha, lakini moyoni nami sijatulia. Huko chuoni wapo wanaojua. Waulize, kisha uniambie kweli yote.

Baba mkwe wako,
Asukile


Ipogolo, Iringa
19 Machi 2023

Mpendwa Baba Mkwe,

Shikamoo. Natumaini mvua hizi hazijakuzidishia maumivu.

Nimechelewa kuandika kwa sababu ya macho. Nilimtazama mwenzangu akichomelea, nami sijajikinga. Nilidhani kutazama kidogo hakudhuru. Jioni macho yakawa kama yamemwagiwa mchanga wa moto, machozi yanatiririka yenyewe. Mama alinifungia ndani gizani na kitambaa cha maji baridi usoni, mpaka nikaweza kuvumilia jua. Niliporudi chuoni, Mwalimu Kasian hakunipa pole. Alisema, "Sasa umejua, Mama. Mwanga ule haumheshimu mkubwa wala mdogo."

Vijiti vya kuchomelea bado vinanigandia kwenye chuma. Vijana wanacheka, halafu wanakuja kunionyesha namna ya kuvichomoa. Mshono wangu wa kwanza ulikuwa mashimo matupu. Wa juzi Mwalimu aliupiga nyundo, haukuachia.

Swali lako ninalo. Somo la mapipa na matanki bado hatujalifikia, na sitaki kukuletea maneno ya kuokoteza.

Mkweo,
Mama Tumpe


Ipogolo, Iringa
11 Juni 2023

Mpendwa Baba Mkwe,

Shikamoo. Tumpe mzima, mimi pia mzima wa mwili.

Somo lile tumelifikia. Mwalimu alipoanza kueleza niliomba ruhusa nikatoka nje, nikakaa kwenye vyuma chakavu mpaka kipindi kikaisha. Baadaye nilimfuata anieleze upya. Nimewaza kukuandikia kwamba hawajui. Lakini uliomba kweli yote.

Baba, pipa lile halikuwa tupu. Zamani lilibeba petroli. Mafuta yakiisha, mvuke wake hubaki ndani. Hauonekani, hata ukichungulia. Cheche moja ikiupata, unawaka wote kwa pamoja na pipa linapasuka. Chombo cha namna hiyo huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kikaachwa wazi, kisha kikajazwa maji, na hata hapo Mwalimu anasema yeye vya petroli huvikataa. Aroni hakuyajua haya. Alijifunza kazi kando ya barabara kwa kutazama, na aliyemfundisha naye alikuwa ametazama tu. Jirani hakufanya kitu. Hakuna mtu aliyefanya kitu.

Niliuliza kama alisikia maumivu. Mwalimu alisema hapana, ni kufumba na kufumbua. Sijui kama alisema kweli au alinihurumia.

Mkweo,
Mama Tumpe


Ipogolo, Iringa
20 Agosti 2023

Mpendwa Baba Mkwe,

Shikamoo. U hali gani?

Sijui kama barua yangu ya Juni ilifika. Tumpe akikupigia unamwambia hujambo, basi. Kama nimekuumiza, nisamehe. Kama ulipouliza ulitaka jibu jingine, nisamehe pia. Mtihani wa vitendo ni mwezi wa kumi na moja.

Mkweo,
Mama Tumpe


Ipogolo, Iringa
7 Septemba 2023

Mpendwa Baba Mkwe,

Shikamoo. Pole kwa mguu. Najua jana ulishuka nao mpaka barabarani.

Nakuomba radhi kwa kukupigia. Mchana nilipigiwa na Happy, mke wa Shedrack, analia. Alisema mumewe amevunja kufuli la karakana, dereva wa lori amemletea tanki la mafuta linalovuja, nayo mafuta yamekwisha kumwagwa. Nikampigia Shedrack. Akasema, "Shemeji, tanki ni tupu," akakata. Nikarudia, akazima simu. Tumpe alikuwa shuleni, sikuwa na wa kunisemea. Ndipo nikapiga kwako.

Ulipopokea ulisema, "Tumpe?" Kwa aibu nikanyamaza kwanza. Kisha nikasema, "Baba, ni mimi. Mzuie Shedrack asilichomelee lile tanki, litamuua kama Aroni." Nilisikia fimbo yako sakafuni, ikielekea mlangoni.

Happy amenitumia ujumbe kwamba ulifika karakanani na Shedrack yu hai. Zaidi ya hapo sijui. Kama nimeivunjia heshima nyumba yako, nitapokea watakaloamua wazee wa ukoo.

Mkweo,
Mama Tumpe


Uyole, Mbeya
17 Septemba 2023

Mama Tumpe,

Marahaba. Mguu umevimba, lakini ulinifikisha.

Barua yako ya Juni ilifika. Sikujibu kwa sababu ilinibidi nimlilie mwanangu upya. Mwanzo nilikuwa na mtu wa kumkasirikia kimoyomoyo. Ulipomwondoa, nikabaki na kifo chenyewe.

Nilimkuta Shedrack amechuchumaa kando ya tanki, mashine inanguruma. Nilimwita, hakusikia. Basi nilikwenda nikalikalia lile tanki, mzee mzima, kama mtu aliyekalia kigoda. Akasema, "Baba, ondoka, dereva anangoja." Nikamwambia, "Chomelea. Tutamfuata kaka yako sote wawili." Akaizima mashine. Hapo ndipo nilipomweleza habari ya mvuke usioonekana, kama ulivyoniandikia. Hakutaka kuamini. Lakini yule dereva alisogea, akanusa mdomo wa tanki, akalibeba akaenda zake bila kuaga. Shedrack akakaa chini palepale akalia. Tangu tumzike Aroni nilikuwa sijamwona akilia.

Kufuli ni jipya. Shedrack anasema ukirudi atakushikia vyuma, na umfundishe ukikubali. Hilo utaamua wewe, kwa sababu karakana ni yako. Nimeyasema hayo mbele ya wazee wa ukoo.

Habari ya simu nayo niliwaambia mwenyewe. Mmoja alitaka ulete jogoo wa kuomba radhi. Nilimuuliza: kama mkwe wangu angenyamaza kwa heshima, leo tungekuwa tumekaa hapa kwa kikao au kwa matanga? Jogoo hakutajwa tena.

Jirani nimemtembelea. Tulikunywa chai.

Sitaandika tena, nawe usiandike. Ukiwa na neno, nipigie. Nikipokea, usinyamaze kwanza. Sema.

Baba