Mkono Ulioufunga, Mama

Nyumbani kwa Editha, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya huko Songea? Mahindi yameshatoka shambani, au bado mnagombana na ngedere? Mimi nipo, napumua, na kile kizunguzungu kilichoniangusha karakanani kimeisha. Naandika kwa sababu kwenye simu ukisikia sauti yangu tu unaanza kulia, na mimi siambulii neno. Mke wangu atakusomea taratibu.

Betri ya moyo imeshawekwa. Walinikataza kula tangu jioni, wakaninyoa kifua, wakanichoma ganzi, na kazi yote ikafanyika nikiwa macho, namsikia daktari akiomba vifaa kama mimi ninavyoomba patasi. Imekaa chini ya ngozi karibu na bega, na waya wake umeingia mpaka moyoni. Moyo ukizembea, unasukumwa. Nilidhani nitaisikia ikigonga. Wala.

Shida ni bega lenyewe, Mama. Wameiweka kushoto.

Kabla ya kuniingiza chumba cha upasuaji, nesi aliniuliza, "Baba, unatumia zaidi mkono upi?" Nikajibu haraka, "Wa kulia." Ningetajaje wa kushoto mbele ya mtu ninayemheshimu? Ugali nakula kwa kulia, nasalimia kwa kulia, hata barua hii naandika kwa kulia, ulihakikisha. Sikukumbuka kabisa kwamba randa, msumeno na nyundo nashika kwa kushoto. Kumbe walikuwa wanatafuta upande ambao hautasumbuliwa na kazi.

Sasa nimekatazwa kuuinua mkono huo kupita bega, nisibebe kitu, nisivute kitu, mpaka kidonda kipone na waya ushike. Ukichomoka, narudi mezani kupasuliwa tena. Na mimi kukaa bure unajua nisivyoweza! Kochi la mdogo wangu Editha nimelikinai. Nasimama, naenda dirishani, narudi, nasimama tena. Jirani akipigilia msumari vibaya nasikia mwili wote unawasha. Nawaza yale madawati niliyoyaacha bila miguu.

Juzi bawaba ya kabati la jikoni ikalegea, na Editha alikuwa sokoni. Nikachukua nyundo, na mkono wa kushoto ukapanda wenyewe. Nyundo ilikuwa imeshafika juu ya kichwa ndipo bega likanichoma. Nikaketi sakafuni jasho linanitoka, nikaogopa, Mama, nikaogopa kweli. Nilikuona wewe ukiletewa habari mbaya uwanjani kwako. Editha aliporudi alinikuta hapohapo, akanikimbiza hospitali na kanga yake ya sokoni.

Wakapima. Waya haujasogea. Daktari akauliza nilikuwa nafanya nini, nikaanza kumwonyesha kwa mkono wa kushoto, akaudaka.

"Baba, kumbe wewe ni mashoto! Mbona hukusema?"

"Mama yangu hataki."

Akacheka sana, halafu akaacha kucheka. Akasema kazi nitairudia, ila nisipotulia sasa, tutaonana tena pale mezani.

Basi natulia, japo roho haitaki. Mwambie mke wangu asikubali oda mpya kwanza. Fundi mwenzangu Gaspari asalimiwe, naye asiiguse randa yangu. Baba mdogo mpe shikamoo yangu, na wajukuu zangu waambie babu betri anakuja, wasinirukie tu kifuani.

Unakumbuka, Mama, nilipokuwa mdogo ulivyonifunga mkono huu kwa kipande cha kanga kila tulipokaa kula? Nililia, nikajaribu kukifungua kwa meno, na ukanichapa. Tangu juzi Editha ananifunga hivyohivyo kila asubuhi. Safari hii namwita mwenyewe, namwambia akaze.

Mwanao,
Deo