Kengele ya Taipureta

Neema mjukuu wangu, marahaba. Babu yako nimezaliwa na bahati, mashine zote hunitii! Bibi yako mzima, anakusalimu.

Unasema mtihani wa kompyuta ni wiki ijayo, nawe waona haya kuuliza. Enzi za Ujamaa nilipimwa kwa kazi ya ukarani wa ushirika wa pamba, hapa Mwanza. Nilipochapa mstari wa kwanza, taipureta ikalia kengele. Nikawaza: nimeharibu mali ya umma, jela hiyo! Nikanyoosha mikono juu.

Dada wa Kihaya aliyekaa pembeni akacheka. “Ndugu, mstari umeisha tu. Sukuma huo mkono wa chuma, uanze mwingine.”

Nikamuuliza na mengine, mpaka nikapata kazi. Nawe muulize wa pembeni kabla ya mtihani, mama. Bahati sina, nilikudanganya.

Babu yako, Kiseke