Mlango Nilioukaza Mwenyewe

KITUO CHA POLISI, MULEBA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Avit Kamala
Umri: Miaka 54
Kabila: Muhaya
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Fundi seremala
Makazi: Izigo, Wilaya ya Muleba
Tarehe na saa ya kuandika: 15 Machi 2024, saa 4:20 asubuhi
Mwandishi: WP Konstebo Elieth

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina akili timamu na nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikukamatwa. Nimeelezwa kwamba Rutashobya amelalamika kuwa jana nilimvunjia mlango wa nyumba iliyoko Izigo. Kuvunja nimevunja. Lakini mlango si wake na nyumba si yake, na ninaomba hayo mawili yaandikwe kabla sijaendelea.

Nyumba ile ni ya Georgina, mjane wa marehemu Datius, mwenye umri wa miaka 67. Datius alifariki Julai mwaka jana na amezikwa kwenye kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, hatua kama kumi na tano kutoka mlango wa mbele. Rutashobya ni mdogo wake Datius. Anaishi Bukoba mjini na kazi yake ni kununua kahawa. Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikaa, ikaamuliwa Georgina abaki kwenye nyumba na ale matunda ya kibanja mpaka atakapokufa. Iliandikwa, na Rutashobya akatia sahihi mbele ya watu. Mimi nilikuwepo kama jirani. Nilikunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, nikapiga makofi na wenzangu.

Mnamo tarehe 10 Machi 2024, siku ya Jumapili, majira ya saa 9 alasiri, Rutashobya alinipigia simu. Alisema wezi wamevunja mlango wa shemeji yake wakati yeye yuko kanisani, na kwamba yeye Rutashobya amefika Izigo kwa bahati tu kumjulia hali, akakuta hayo. Akasema, "Fundi, njoo kesho asubuhi na vifaa vyote. Mama wa watu hawezi kulala nyumba iliyo wazi." Nilimwona mtu mwema. Nilimwambia mke wangu, huyu ndiye shemeji.

Tarehe 11 Machi, saa 2 asubuhi, nilifika. Mlango ulikuwa umening'inia kwenye bawaba moja. Fremu ilikuwa imepasuka upande wa kitasa, mwimo, yaani ule mhimili wa pembeni, umevunjika usawa wa kiuno. Georgina aliniambia ndani hakikuibiwa kitu, hata redio ilikuwa pale pale mezani. Nilichutama kuuangalia mwimo ule, na hapa, afande, ndipo dhambi yangu inapoanzia.

Mbao ikivunjwa kwa teke au kwa nondo, huchanika. Hutoa nyuzi nyuzi, kila moja na urefu wake. Mwimo ule nusu yake ulichanika hivyo, lakini nusu nyingine ilikuwa imekatwa, imenyooka, na alama za meno ya msumeno zinaonekana. Aliyekata alipakaa udongo juu yake ili paonekane pa zamani. Nilipokwangua kwa kucha, chini yake mbao ilikuwa nyeupe. Unga wa msumeno ulikuwa umefagiliwa kwenye kona ya baraza. Mwizi gani anakata mlango kwa msumeno mchana, anafagia, kisha anaondoka bila redio?

Nilimwambia Rutashobya, "Hapa pamekatwa." Alicheka, akasema, "Wezi wa siku hizi wana vifaa kukuzidi wewe, tata," yaani baba kwa Kihaya. Nikacheka naye. Nikajiambia fundi haulizi yasiyomhusu. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba kuna jambo, nikanyamaza kwa sababu nilipenda ile kazi.

Na kazi niliifanya. Niliung'oa mwimo wa zamani, nyuma yake mende wakamwagika kwenye miguu yangu, matofali yakiwa yamelika. Nikabomoa sehemu mbovu, nikajaza matofali mapya na saruji. Nikaweka mwimo wa mninga, upande wa nyuma nikaupaka oili chafu mchwa wasiusogelee. Nikautoboa sehemu sita mpaka ndani ya ukuta, kila tundu nikatia fisha, yaani kibomba cha plastiki cha kushika skrubu, na skrubu ya inchi sita. Upande wa kitasa nikafunga bamba la chuma la futi mbili. Bawaba nilizifunga upya kwa skrubu ndefu, na kitasa nikaweka kipya.

Rutashobya alikaa siku nzima kwenye kigoda cha marehemu kaka yake, anakula karanga na kutupa maganda sakafuni kwa shemeji yake, huku akisema, "Kaza, fundi. Kaza zaidi." Nilipomaliza aliurudishia mlango, akaupiga bega mara tatu. Haukutikisika. Akasema, "Hapa hata akija nani, haingii." Nilifurahi. Nilidhani ananisifu mimi.

Mchana Georgina alitupikia ndizi na maharage. Rutashobya ndiye aliyeombea chakula. Aliomba Mungu amlinde mjane na nyumba yake, akafanya ishara ya msalaba, akachukua kipande cha kwanza. Macho makavu nimeyaona mengi, lakini si ya mtu wa kumsingizia Mungu juu ya sahani ya mtu anayemnyang'anya.

Saa 11 jioni nilikusanya vifaa. Kitasa kilikuja na funguo tatu. Georgina alikuwa amesimama mbele yangu, amekinga mikono yote miwili kama tunavyopokea kitu kwetu. Nilimpita. Nilimpa Rutashobya funguo zote tatu. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Ni mazoea yetu tu: mwanaume wa ukoo akiwepo, kitu cha nyumba hupokelewa na yeye, mwanamke anasubiri. Georgina aliteremsha mikono yake taratibu, akaniambia, "Wakola, Avit. Wakola waitu," yaani alinishukuru. Rutashobya alitia funguo mfukoni, akasema atamwachia mama ufunguo wake. Mimi nilibeba ule mwimo wa zamani, maana mbao chakavu kwa desturi ni ya fundi, nikaenda zangu.

Tarehe 12 Machi, saa 1 asubuhi, nilikuwa barabarani nikisubiri mzigo wa mbao. Nilimwona Rutashobya akimsindikiza Georgina kupanda gari la Bukoba, akatibiwe mtoto wa jicho. Alimbebea mkoba. Alimshika kiwiko wakati wa kupanda, akamwambia dereva, "Huyu ni mama yangu, mpeleke polepole." Georgina alimwambia mbele yangu, "Hujanipa ufunguo." Alijibu, "Nimeshafunga, mama. Nenda katibiwe, mimi ndiye mlinzi." Watu waliokuwepo walisema shemeji kama huyu ni wa kuombea. Na mimi nilisema. Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tunaisifu nguo.

Tarehe 14 Machi, yaani jana, saa 8:10 mchana, nilipigiwa simu na Annastella, mwenyekiti wa kitongoji chetu. Alisema, "Avit, njoo uone mlango wako."

Nilifika saa 8:30. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ilikuwa ndiyo inakatika. Vitu vyote vya Georgina vilikuwa nje, chini ya migomba. Nguo, vyombo, magunia mawili ya maharage ya mbegu yaliyoanza kuota. Sufuria aliyotupikia Jumatatu ilikuwa kifudifudi kwenye tope. Godoro lake lilikuwa limetupwa juu ya kaburi la Datius, juu ya saruji, limelowa, na kuku walikuwa wamelinyea. Afande, nimechinja, nimeosha maiti, nimezibua vyoo vya watu. Sijawahi kutapika. Pale nilienda nyuma ya mgomba nikatapika.

Majirani wanasema Rutashobya alikuja Jumatano na gari na vijana wawili. Hilo nimelisikia, sikuliona, naomba liandikwe kwamba nimelisikia.

Georgina, aliyekuwa ameshuka gari la Bukoba mchana ule, alikuwa amesimama mlangoni, jicho moja limefungwa bandeji. Alikuwa akiusukuma mlango kwa kiganja, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe. Aliponiona hakunitukana. Aliniuliza tu, "Umeukaza hivi kwa ajili ya nani?" Nilitamani angenipiga.

Annastella alimpigia simu Rutashobya, akafungua sauti wote tusikie. Alimwambia alete funguo. Rutashobya alisema nyumba ni ya baba yake, kwamba kaka yake hakuacha mtoto wa kiume, na kwamba msimu wa kahawa unakaribia naye anahitaji ghala. Annastella alimkumbusha sahihi yake. Akajibu, maneno yake haya haya, "Ile ilikuwa karatasi ya msiba. Huyo mwanamke alikuwa mgeni wa kaka yangu, na kaka yangu hayupo." Annastella akamwambia, "Mgeni aliyezaa watoto watatu humo ndani?" Alikata simu.

Annastella aliita wajumbe wawili, akaniuliza mbele yao kama ninaweza kufungua. Nikasema dirishani haiwezekani, kuna nondo. Kitasani haiwezekani, kuna bamba. Teke haliwezi, nimehakikisha mwenyewe. Pa kupitia ni ukutani, kwenye yale matundu sita, kwa sababu saruji ya siku tatu kwenye mvua bado haijashika sawasawa, na mimi peke yangu ndiye ninayejua matundu yako wapi. Annastella akasema, "Fungua. Nitasaini mimi."

Nilianza saa 9 kamili. Nilichimba kwa patasi pembeni ya mwimo, nikikuta skrubu naikata kwa msumeno wa chuma. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila moja ilinigomea, na kila iliponigomea nilijua ni mkono wangu ndio unanigomea. Nimekuwa fundi miaka thelathini na sijawahi kuichukia kazi nzuri kama nilivyoichukia ile. Georgina alisimama nyuma yangu muda wote. Tulimpa kigoda akakataa.

Saa 10:35 mwimo uliachia. Tuliingia mimi, Annastella, wajumbe wawili na Georgina. Chumbani kwake, chumba ambamo Datius alikata roho, kulikuwa na mizani ya kupimia kahawa na magunia matupu yamepangwa mpaka dirishani. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Karanga za Rutashobya zilikuwa zimefika sakafuni humo pia, maganda na mate. Georgina hakulia. Aliomba ufagio. Sisi tulitoa mizani na magunia, tukayaweka barazani pasiponyeshewa, wajumbe wakaandika idadi. Hakikuibiwa kitu, na anayesema nimeiba aje aniambie machoni.

Nilimwambia Georgina nitarudi asubuhi nimfungie fremu. Alisema, "Acha kwanza." Nikamwambia hawezi kulala bila mlango. Akasema, "Mchana kulikuwa na mlango mzuri sana, nikawa nje. Afadhali sasa niko ndani." Annastella alibaki naye mpaka asubuhi.

Nimeleta hapa kituoni ule mwimo wa zamani wenye alama za msumeno, kitasa kipya, na zile skrubu sita nilizozikata. Funguo tatu anazo Rutashobya, na kwa maoni yangu ndizo alizoukatia mlango wa zamani ili azipate. Georgina hajaushika hata mmoja.

Nimeulizwa na afande kama nina ugomvi na Rutashobya. Sina ugomvi naye, nina kinyaa naye, na nimeambiwa hayo ni mambo mawili tofauti. Nimeulizwa pia kwa nini sikutoa taarifa tarehe 11 nilipoona mbao imekatwa. Jibu langu ni kwamba nilisifiwa na nikalishwa, na nilimwona mjane ni mtu wa kusubiri. Hilo sitaki liandikwe kwa maneno laini.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimesomewa yote kwa sauti, sina la kupunguza hata lile linaloniaibisha, na nimeyatia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: A. Kamala

MAELEZO YA MWANDISHI

Nathibitisha kuwa nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akakubali. Nimepokea vielelezo vitatu: kipande cha mwimo, kitasa na skrubu sita. Rutashobya ameitwa kufika kituoni leo saa 8 mchana pamoja na funguo na nakala ya makubaliano ya ukoo. Shahidi aliomba ruhusa ya kwenda kuirudisha fremu kabla mvua haijanyesha. Kwa kuwa Georgina naye yupo hapa kituoni, nilimuuliza kama anakubali fundi huyu auguse tena mlango wake. Alimgeuzia lile jicho moja, akajibu: "Aje. Lakini safari hii mimi ndiye nitakayekaa kwenye kigoda."

WP Konstebo Elieth
15 Machi 2024, saa 6:05 mchana