Miwani ya Kuonea Ziwa

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mwisenge tumeamka wazima, na mama yako mdogo kajifungua salama. Unaniuliza kama uachane na miwani ukafanyiwe upasuaji wa macho kwa leza.

Mitumba iliporuhusiwa, baada ya ile miaka maduka yalikuwaga matupu, nilikuta miwani sokoni. Nikaivaa, nikatazama ziwani, nikaona mpaka rangi za mashati ya wavuvi. Nikainunua palepale. Jioni nikachambulia dagaa. Babu yako akatafuna, akatema mchanga, akasema, "Mama watoto, leo tunakula ufukwe?"

Niliijaribu kwa mbali, wakati kazi yangu ilikuwa ya karibu.

Leza ni nzuri, utatembea kwenye mvua bila kufuta vioo. Ila miwani ile niliirudisha sokoni kesho yake; jicho halirudishwi. Wewe ni fundi cherehani. Nenda kwa daktari na sindano na uzi. Muulize utaonaje mbali, halafu muulize utatungaje uzi ukifika umri wangu. Akikujibu yote mawili bila haraka, kafanye, usiogope. Akijibu la kwanza tu, rudi nyumbani na miwani yako.

Bibi yako, anayechambua dagaa kwa vidole mpaka leo.