Lori Lililobarikiwa Bila Rangi Mpya

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Mama yako amenieleza jana kwamba umenunua lori kuukuu huko Mwanza, na unataka kulipaka rangi kabla ya mzigo wa kwanza. Sisi huku Kimandolu hatujambo. Kikohozi cha babu yako kimepungua.

Umeniuliza uchague rangi gani. Nilipokuwa msichana, kaka yangu Elia alinunua lori la kubebea ndizi. Alitaka ling'ae Jumapili, mchungaji atakapolibariki mbele ya usharika wote. Ijumaa tulilipiga msasa uani, ukungu wa Meru umeshuka hadi kwenye migomba. Chini ya nyekundu ilitokea bluu, chini ya bluu kijani, taratibu, kama mtu anayekumbuka. Nilisahau hata kupika. Ghafla kidole cha Elia kikazama mlangoni.

"Hakuna bati hapa! Ni puti tu ya kuzibia mashimo, imekandikwa juu ya kutu," alisema. "Tupake hivyo hivyo. Nani ataona?"

Mama yetu akacheka. "Kwa hiyo mchungaji abariki puti?"

Elia akachukua msasa, akaendelea kukwangua.

Jumapili lori lilifika kanisani na mabaka ya kila rangi na tundu mlangoni. Watu wakaliita chui, na mchungaji akalibariki hivyo hivyo. Lakini baada ya ibada wanaume walilizunguka, wakagonga bodi, wakabishana pa kuchomelea, na mmoja akajitolea kuja na mashine yake. Lingekuwa linang'aa, wangelisifia tu na kwenda kula.

Mjomba wako atapanda basi Alhamisi kuja kwako, alikague na kukusaidia kuchomelea. Mpaka afike, wewe kwangua tu.

Bibi yako